Mama Neema na Tezi Isiyoitika

Nyinyi vijana wa kwetu mliosomea uuguzi hapa London, kila tukikutana harusini au kwenye hitma mnanivuta pembeni mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani. Mnaniuliza kwa Kiingereza, mimi najibu kwa Kiswahili, na tunaelewana. Leo nimekaa niwaandikie. Lakini siwezi kuisema kazi nisimseme Mama Neema, na siwezi kumsema Mama Neema nikaficha wivu. Basi mtauchukua pamoja na mengine. Mimi nimestaafu, yeye amestaafu, na hata leo mtu akimsifu mbele yangu huwa natafuta sababu ya kwenda kuangalia birika jikoni.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa ukumbi, katika hospitali kubwa kusini ya mto. Vitanda viwili, mizani, friji ya dawa, na dirisha lililotazama paa la jiko, kwa hivyo tangu asubuhi tulinusa kabichi ya wagonjwa wa wodini. Niliingia humo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kuchoka na zamu za wodi. Kazi yetu ilikuwa kupima tezi.

Nitawaeleza kama nilivyowaeleza wagonjwa. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo, kama punje ya mbaazi. Hiyo ndiyo inayoamrisha. Juu ya kila figo imekaa tezi nyengine, na hizo zikipata amri hutoa homoni iitwayo kortizoli, ambayo ndiyo inayomsimamisha mtu akiumwa, akifunga, akiumia au akishtuka. Mtu aliyekosa kortizoli huonekana mchovu tu, mvivu, hana hamu ya chakula. Kisha siku moja anapata mafua ya tumbo ambayo mwengine angelala nayo tu akapona, yeye anakufa. Na huwezi kujua kwa kumtazama, wala kwa kupima damu mara moja ukaridhika. Mtu aliyejifunika shuka hujui kama amelala au amezimia mpaka umwite. Na sisi tulikuwa tunaziita tezi, tukingoja kusikia kama zitaitika.

Tulikuwa na njia mbili. Moja ni jaribio fupi: unachukua damu, unamdunga mgonjwa homoni iliyotengenezwa kuiga amri ya tezi ya ubongo, unangoja, unachukua damu tena. Tezi za juu ya figo zikiwa hai, kortizoli inapanda. Jaribio hilo halina shari. Mgonjwa anasoma gazeti, anakwenda zake. Njia ya pili ni ya insulini, na hiyo inataka moyo. Unamwambia mtu alale na njaa, kisha unamtia insulini makusudi ili sukari yake iporomoke. Atatoka jasho, atatetemeka, macho yatalegea, na wewe umesimama pale na glukosi mkononi unamtazama. Mwili ukiona hatari, tezi ya ubongo inapiga kelele, za figo zinajibu. Kama hakuna kelele wala jibu, umepata ulichokitafuta. Mwenye kifafa au maradhi ya moyo hafanyiwi kabisa, na muuguzi hatoki chumbani hata kwenda kujibu simu.

Mwalimu wangu alikuwa Daktari Nalini, bingwa wa homoni, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kuishi Kingsbury. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, lakini alikipenda. Alinifundisha kupasha mkono wa mgonjwa kwa maji ya moto kabla ya kutafuta mshipa, na alinifundisha kutomwamini mtu anayesema anajisikia vizuri. Kosa langu la kwanza kubwa alinisamehe huku akicheka. Alikuja kondakta mmoja wa basi, mtu wa miraba minne, tukamfanyia jaribio la insulini. Alipoanza kutetemeka alinililia kama mtoto, akaniomba biskuti. Sukari yake ilikuwa haijashuka pale tulipotaka, nami nikamwonea huruma, nikampa. Jaribio likaharibika. Daktari Nalini akaniambia, "Seif, huruma yako inamrudisha huyu bwana hapa mara ya pili, na njaa tena." Nikajifunza: huruma iko kwenye kumaliza kazi vizuri.

Mara ya pili ya kondakta ndiyo iliyonionyesha Mama Neema ni nani.

Alikuwa amefika kwetu majuzi tu. Ni mwenyeji wa Bukavu. Alikuwa nesi huko kabla ya vita, akaja hapa kama mkimbizi, akasafisha maofisi, akawatunza wazee majumbani, akasoma upya mpaka akapata kibali cha kufanya kazi yake. Neema ni binti yake wa kwanza. Alikaa Peckham na kila Jumatatu alikuja na sauti imekauka kwa nyimbo za kanisani. Nilifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, ingawa changu na chake vilikuwa vinagongana. Yeye akisema "iko" mimi nasema "ipo", akiniambia "weye" mimi nageuka kutafuta anasema na nani. Kwa wiki chache nilimfundisha kila kitu: wapi vichupa vya damu, vipi vinakwenda maabara katika barafu, nani wa kupigiwa simu.

Basi kondakta akarudi, sukari ikaporomoka, na safari hii hakulia. Akili ilimruka kidogo, akaanza kutangaza vituo vya basi, akiwahimiza watu wasogee ndani. Mimi nilikuwa namwambia, tulia bwana, uko hospitali. Mama Neema akamshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza chake cha Bukavu kwamba yeye anashuka kituo kinachofuata, asimsahau. Kondakta akatulia papo hapo, akamwahidi hatamsahau. Damu zote tukapata kwa wakati. Alipozinduka na kula mkate wake alimshukuru Mama Neema, akaniuliza mimi kama ndiye mtu wa vyakula.

Tangu hapo ikawa hivyo. Mishipa iliyonikimbia mimi ilimjia yeye. Wagonjwa wakipiga simu kuuliza siku yao walitaka kujua kama yule mama atakuwepo. Daktari Nalini, ambaye alikuwa ananiita mimi kwanza, akawa anafungua mlango na kuuliza, "Mama yuko?" Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Najua mtasema ni mambo madogo. Ninyi hamjafanya kazi chumba kimoja na mtu kama huyo. Sikumfanyia ubaya, sikumsema vibaya. Nilichofanya ni kujifunza maneno yake. Nilijaribu siku moja kumwambia mgonjwa mzee, kwa sauti ileile, "Niko hapa, mpenzi wangu," kama alivyokuwa akisema yeye. Mzee akaniangalia akaomba aletewe mtu mwengine.

Haya yote ningeyavumilia. Lililonikaa rohoni ni la Asya.

Asya ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki Asya hajaanza skuli, na mimi ndiye niliyemlea. Nilimsuka nywele vibaya, nikampikia uji ukashika mapande, nikamlaza. Usiku akishtuka na kuita mama, mimi ndiye niliyeitika. Nilipokuja huku nilimwacha kwa shangazi, naye akakua, akaolewa na Hafidh, akajifungua Maskati walikokuwa wakiishi, kisha wakahamia London na mtoto wao wa kike. Walipata fleti karibu na Edgware Road. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege nikamwona amepauka, amenyong'onyea, amejitanda shali mbili. Nikasema ni safari.

Miezi ikapita, hali ileile. Alikuwa akikaa karibu na kipasha joto na koti lake. Alilala mchana. Alikuwa fundi wa kupika na sasa aliweka sufuria akaisahau. Hafidh, ambaye si mtu mbaya, alikuwa akiniambia mke akija London anageuka mzee. Nani asiyesikia baridi London? Nani mgeni asiyechoka? Lakini siku moja nilimwona anainuka kutoka kwenye zulia baada ya sala, akashika ukuta, rangi ikamtoka. Nilikwishawaona watu wengi wanaoshika ukuta hivyo. Nikamwomba daktari wake wa mtaa ampeleke kwa Daktari Nalini, na Daktari Nalini akasema tuanze na jaribio fupi.

Nilitaka nilifanye mwenyewe, na kwa kuwa halina hatari Daktari Nalini hakukataa. Nilimuuliza Asya kila swali la kazi. Unatumia dawa yoyote? Akasema hatumii. Vidonge, mafuta ya kupaka, chochote? Akatazama chini akasema, "La, kaka." Nikamdunga, tukangoja, nikamtolea hadithi za nyumbani. Mama Neema alikuwa anamaliza zamu, akajitolea kumsindikiza mpaka kituo cha basi. Niliwatazama kwenye dirisha la ukumbini wakivuka barabara. Walisimama kituoni, mabasi yakapita, hawakupanda. Asya alikuwa anazungumza. Mdogo wangu ambaye kwangu alikuwa anajibu neno moja moja, alikuwa anazungumza na mikono.

Majibu yakaja mazuri. Kortizoli imepanda inavyotakiwa. Nilimpigia simu Hafidh mwenyewe, nikamwambia mkewe hana kitu, ni mazingira tu, amtoe nje, ampeleke bustanini. Nilikuwa na furaha kweli.

Kesho yake Daktari Nalini akaniita ofisini akafunga mlango. Akaniambia Asya atafanyiwa jaribio la insulini, lakini si sasa, baada ya wiki kadhaa. Nikamwuliza kwa nini, majibu si mazuri? Akasema majibu hayategemewi. Nikauliza tena kwa nini.

"Seif," akasema, "hapa wewe ni ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa ameomba lisifike kwako. Mimi siwezi."

Nilitoka nikamkuta Mama Neema anapanga vichupa. Nilijua tu. Nikamwambia kwamba kuna jambo Asya amemwambia, na mimi ni kaka yake, na mimi ndiye niliyemlea, na nataka kulijua. Hakuacha kupanga.

"Ile haiko yangu kusema, kaka," akaniambia. "Iko yake. Akitaka, atakuambia yeye mwenyewe."

"Amekujua wewe lini?"

"Juzi," akasema. Hakusema kwa kiburi. Ndiyo maana iliuma.

Zile wiki nilifanya kazi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Nilikuwa nikiwaza, ni kitu gani kinachoweza kuambiwa mwanamke wa Bukavu kituo cha basi, na mimi nisikijue? Niliwaza maradhi ya aibu, niliwaza ndoa imevunjika, niliwaza Hafidh anampiga. Nilikwenda kwao nikamtazama Hafidh vibaya mpaka akaniuliza kama nimekosana na mtu. Asya akaleta chai, akakaa mbali.

Ikafika siku ya insulini. Daktari Nalini aliniambia waziwazi nisiingie chumbani. Nilipangiwa kazi ghorofa nyengine, nikaomba ruhusa, nikakaa ukumbini nje ya mlango wangu mwenyewe. Mlango ule una kioo chembamba, na mimi nilikuwa nakwenda na kurudi mbele yake kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Walimtia dozi ndogo, kwa sababu mtu anayeshukiwa tezi yake imekufa hatiwi insulini sawa na wengine. Liwekeni hilo kichwani. Daktari mwenyewe alikuwa ndani. Nilimwona Mama Neema anatoa damu, mshipa umemjia mara moja, bila shaka.

Kisha nikaona Asya anatoka jasho. Nilikwishaliona jasho hilo kwa mamia ya watu na kila mara nilijua ni dalili kazi inakwenda sawa. Safari hii nilibandika uso kwenye kioo. Kichwa chake kikaanguka upande. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia sauti yake, ya kitoto, ya zamani kabisa, inaita, "Mama. Mama."

Na Mama Neema akaitika. "Niko hapa, mwanangu. Niko hapa."

Asya akamshika mkono. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Sikuingia. Wanangu, katika kazi yangu yote sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kutokukizungusha kile kitasa. Nilimwonea wivu yule mwanamke mpaka nikasikia ladha yake mdomoni. Lile jina lilikuwa limeitwa miaka mingi na mimi ndiye niliyekuwa nikiliitikia, gizani, na taa ya chemni mkononi. Sasa ameitikia mwengine, na ameitikia vizuri kuliko mimi.

Sukari ilishuka mno, haikutaka kupanda yenyewe. Daktari Nalini akatoa amri, Mama Neema akasukuma glukosi mshipani polepole bila mkono kutetemeka, huku damu za kupima zikiendelea kutolewa, kwa sababu ukimwokoa mgonjwa hulazimiki kulitupa jaribio. Asya akafungua macho. Wakampa mkate na chai ya sukari. Nikaenda chooni nikanawa uso.

Majibu yalipotoka, kortizoli yake ilikuwa haijasogea, ni kama hakuna aliyeita. Homoni nyengine za tezi ya ubongo vivyo hivyo. Tezi ilikuwa imekufa tangu Maskati.

Asya aliniambia yote wiki iliyofuata, nyumbani kwake, Hafidh akiwa kazini. Alikuwa ameomba Mama Neema awepo. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi sana, akazimia, akaongezewa. Damu ikimtoka mtu hivyo wakati wa uzazi, ile tezi ya ubongo, ambayo imenenepa kwa ujauzito, inaweza kukosa damu ikafa. Maziwa hayakumtoka hata tone. Hedhi haikurudi. Na mambo mengine ya mwili wa mwanamke ambayo aliyapitia haraka bila kunitazama. Daktari mmoja alikuwa amempa vidonge vya homoni za kike vya kuirudisha hedhi, naye alikuwa akivimeza kila siku, hata siku ile aliponiambia "La, kaka."

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Vidonge vile vinafanya kortizoli ionekane nyingi katika damu wakati mwili hauna ya kutumia. Jaribio langu fupi lilisema kweli kuhusu damu, likasema uongo kuhusu Asya. Mama Neema, alipoambiwa habari ya vidonge kituo cha basi, alimshika mkono Asya akamrudisha juu kwa Daktari Nalini siku ileile. Daktari alijua mara moja, akaviachisha, akangoja vitoke mwilini.

Nikamuuliza Asya kwa nini hakuniambia. Najua lilikuwa swali la kijinga.

"Kaka, ningekuambiaje wewe habari za hedhi?" akasema. Kisha akaanza kulia. "Umenisuka wewe. Umenifunza sala wewe. Ningekutazama vipi?"

Mama Neema akatoka kwenda kuangalia mtoto, akatuacha. Nashukuru kwa hilo mpaka leo, ingawa wakati ule hata hilo lilinichoma, kwamba alijua pia saa ya kuondoka.

Basi jifunzeni. Mkiuliza habari ya dawa, ulizeni kwa jina: vidonge vya uzazi, krimu za kung'arisha ngozi, dawa za pumu, sindano za magoti. Kisha jiulizeni kama ninyi ndio watu wa kuulizia. Mwanamke hawezi kumjibu kaka yake, na mzee wa Kipemba hawezi kumjibu binti wa rika la mjukuu wake. Wakati mwengine maarifa yote ya kazi ni kumwachia mwenzako aulize. Na jambo jengine: mtu wa aina hii mara nyingi amekosa homoni ya tezi ya koo vilevile. Msimpe ya koo kabla ya kortizoli. Mtamwua. Kortizoli kwanza, mwili usimame, ndipo nyengine zifuate.

Alipoanza vidonge vyake vya kortizoli, sikuamini. Ndani ya muda mfupi nilikwenda kwake nikamkuta amepanda kiti anafuta vumbi juu ya kabati, na redio inaimba. Akanikaripia kwa kuingia na viatu. Akaonja biriani niliyokuja nayo akaniambia nyama haijaiva. Nilikaa pale nikala biriani mbichi kwa furaha. Kisha akaniambia Ijumaa hatakuwepo, anakwenda Peckham kwa Mama Neema, wanakwenda kununua mihogo na pondu, yaani kisamvu, kisha Mama Neema atamsuka.

Kumsuka, wanangu.

Ikawa hivyo miaka na miaka. Mtoto wa Asya akamwita Mama Neema bibi. Mimi nilikuwa mjomba na ndivyo nilivyo, ila mjomba hafuatwi na mtoto akikimbia kwenye jukwaa la treni. Kazini tukaendelea. Mashine za maabara zikabadilika, majibu yakaanza kuja siku ileile, insulini ikapunguzwa kwa sababu madaktari wapya waliiogopa, wakatumia sindano nyengine zisizotia watu jasho. Mimi na Mama Neema tukazeeka katika chumba kile tukibishana "ipo" na "iko". Wivu haukuondoka. Nilizoea tu kufanya kazi nao, kama mtu mwenye goti bovu anavyozoea ngazi.

Sasa lisikieni la mwisho, kisha niwaache.

Mwenye maradhi ya Asya akipata homa anaongeza vidonge mara mbili; akitapika, vidonge havikai, ni sindano ya haidrokotizoni, ambayo ni kortizoli ya kutengenezwa, pajani mara moja, kisha gari la wagonjwa. Sindano hiyo ilikuwa kwenye mlango wa friji ya Asya, na nilikuwa nimemfundisha Hafidh kuidunga kwenye chungwa. Ijumaa moja nilikuwa nimetoka kusali, nimekaa mkahawani Edgware Road nasubiri mkate na ful, yale maharage ya Kiarabu. Nikawasha simu na papo hapo ikalia. Ni Mama Neema.

"Kaka Seif, weye uko wapi?" Nikamwambia. "Asante Mungu. Asya ananipigia, anatapika tangu asubui, Hafidh iko kazini. Sauti yake imeanguka. Mi niko Peckham, niko mbali. Kimbia. Mi napiga simu ya gari."

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Asya aliweza kufungua mlango, akaanguka pale pale sebuleni. Mikono yake ilikuwa baridi. Nilikwenda frijini, nikachanganya dawa, nikavuta, nikamdunga pajani juu ya nguo. Mkono wangu haukutetemeka, na nataka mjue hivyo. Nilimweka miguu juu, nikamshika, nikamsomea chini chini mpaka gari likafika.

Wodini walimtia maji na dawa zaidi, na baadaye kidogo mashavu yakarudi rangi. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nimemshika kiganja. Akafumbua macho, akanitazama, akatabasamu.

"Mama Neema yuko wapi?" akasema.

Nilimfunika shuka vizuri. Kisha nikamuuliza kitu nilichotaka kujua tangu mkahawani. Simu yangu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya sala. Je, alinipigia mimi kwanza, akanikosa?

"Sikukupigia," akasema. Asya hajui kudanganya tena. Nafikiri alimaliza siku ile ya vidonge. "Wewe ungelia kwanza, kaka. Yeye angejua la kufanya. Nilijua atakupata."

Mama Neema alifika akihema, ameshuka basi akapanda treni akakimbia tena, koti halijafungwa, mkoba umefunguka. Alisimama mlangoni anamtazama Asya, halafu akanitazama mimi, akashika mlango kwa sababu miguu ilikuwa imemchoka. Nikaona kwamba alikuwa amelia njia nzima. Yeye pia alilia, ila alipiga simu kwanza.

"Umemdunga weye?" akaniuliza.

"Mimi."

"Vizuri, kaka," akasema. "Vizuri sana."

Wivu ulikuwepo, ulikuwa umekaa palepale kifuani unakunja uso. Lakini nilisimama, nikampisha kiti, akakaa, akakishika kile kiganja nilichokuwa nimekiacha kikiwa cha moto. Nikaenda kutafuta chai. Niliporudi na vikombe vitatu nikawakuta wanacheka, na nilipouliza wanacheka nini wakaniambia ni mambo ya wanawake.